Swila Aliyetoroka Nyumbani Kwetu

Nyumba yetu ya Kizingitini ilinuka spiriti. Nyumba za majirani zilinuka samaki wa kukausha, mafuta ya nazi na udi wa Ijumaa. Yetu ilinuka hayo pia, lakini juu ya yote palikuwa na harufu ile kali, ya baridi, inayopanda puani kama kitunguu kilichokatwa karibu na uso. Ilikuja na Baba. Aliibeba katika nguo zake, katika ndevu zake na katika mikunjo ya viganja vyake, na hata akioga na kujipaka mafuta, bado akinipakata nilikuwa naisikia. Wasichana niliosoma nao Kurani chuoni walijibana pua nikipita. "Binti wa nyoka huyo," walisema. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na sikuona ubaya wa jina hilo, kwa sababu kabla ya masika yale nyoka kwangu walikuwa vitu vya ndani ya chupa za spiriti, vimejikunja, vimepauka, macho yamefifia, havina tofauti sana na achari ya Mama.

Baba, jina lake Lali, hakuanza na nyoka. Alikuwa mzamiaji wa kamba wakubwa wa miambani, wale wanaosafirishwa kwenda Mombasa wakiwa hai, mpaka siku moja sikio lake la kushoto lilipopasuka chini ya maji akaibuka damu ikimchuruzika shingoni. Hospitali ya Lamu walimwambia kwamba akizama tena atakuwa kiziwi. Mwanamume wa Kizingitini asiyeweza kuingia baharini hana la kufanya ila kukaa na kuwasikiliza wenzake wakisimulia yaliyowapata huko. Baba alikaa hivyo miezi minne, na katika miezi hiyo alikonda kama mtu anayeugua. Ndipo akaja Daktari Marta, Mholanzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akizunguka visiwa vyetu kuchunguza nyoka. Alitaka kujua kama nyoka wa Pate, kisiwa chetu, ni jamaa moja na wale wa bara, kule Mkokoni na mashamba yake, au bahari imewatenga hata wakawa mbali mbali. Alitafuta msaidizi anayejua watu na mashamba ya huku, na asiyekuwa mwoga. Watu walicheka. Baba peke yake ndiye aliyesimama akasema, "Mimi niliyetia mkono kwenye mashimo ya mikunga, samaki wenye meno kama misumari, miaka kumi, nitashindwa na nyoka?" Akaajiriwa siku ile ile.

Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kuipenda bahari. Alijifunza kumbana nyoka kwa koleo refu la chuma, kumpima kwa utepe, kumtia alama kwenye magamba ya tumbo na kumwandika daftarini. Baba alikuwa amesoma mpaka darasa la sita tu, lakini alikariri majina ya Kilatini kama alivyokuwa amekariri sura za Kurani utotoni, kwa mahadhi, akiyumba kidogo. Mama alimsikiliza akitabasamu, lakini alikuwa ameweka sharti moja. Alimwambia mbele yangu, siku ya kwanza ya kazi, "Nyoka wako wabaki huko huko kwa Daktari. Siku watakayovuka kizingiti hiki kuingia, mimi nitavuka kutoka." Mama, Bi Zaituni, hakuwa mtu wa kurudia maneno. Wakati wa masika ninayoyasimulia alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili baada ya kunizaa mimi, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole kumzunguka.

Daktari alikuwa amekodi nyumba ndogo ya mabati mwisho wa mji, na humo ndimo walimowekwa nyoka waliokuwa hai kabla ya kupimwa na kurudishwa walikotoka. Mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba imeambiwa haitaruhusiwa tena. Vichochoro viligeuka mito, kuku walilala madirishani, mikeka ikaota ukungu. Daktari alikuwa amekwenda Nairobi kwa mambo ya vibali, akamwachia Baba funguo kwa majuma mawili. Siku ya tatu bati moja la nyumba ile lilipeperuka, maji yakaingia mpaka kwenye masanduku. Baba alisubiri Mama atoke kwenda kwenye matanga ya shangazi yake, akayahamisha masanduku yote mpaka nyumbani kwetu, akayaweka kwenye ghala la nyuma na kuyafunika kwa turubai. Mlikuwa na nyoka wadogo sita wasio na sumu, na swila mmoja aliyetoka Mkokoni, mweusi wa kung'aa, urefu wake unampita Baba. Watu wa huku wanamjua swila. Huyo hasubiri umguse. Husimama, hutanua shingo, akatema mate machoni, na mwenye macho akabaki gizani. Baba alinuia kuwaweka humo siku mbili tu, jua litoke, awarudishe.

Mimi nilijua siku ya pili. Nilirudi kutoka chuoni adhuhuri, mvua imepumzika, nikasikia sauti ya Baba ghalani. Hakuwa akizungumza na mtu. Alikuwa akisema, "La. La. La. La," taratibu, kama mtu anayemkataza mtoto mchanga. Nilichungulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha waya. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, kifuniko hakikukaa sawasawa, na pembeni palikuwa na mwanya wa vidole viwili. Komeo lilikuwa limefungwa, lakini lilifunga hewa tu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kikombe cha maji na gamba kavu la nyoka aliyejivua.

Baba alipogeuka na kuniona, sijapata kumwona mtu amebadilika uso kwa kasi namna ile. "Panda kitandani," aliniambia. "Sasa hivi. Usishushe miguu." Nilipanda. Alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mitungi, ndani ya kapu la nguo, juu ya mihimili, akiligonga kila kitu kwa koleo lake kwanza. Alitafuta mpaka jasho likamtiririka na muadhini wa alasiri akaadhini, na hakuona kitu. Ndipo akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika kifundo cha mguu.

"Mwanaesha, mamako akipata habari hizi atashtuka," alisema. "Akishtuka, wewe unajua litakalotokea."

Nilijua. Mara ya pili nilikuwepo nyumbani. Nilikuwa nimeona beseni.

"Basi hili ni langu na lako. Nitamshika, inshallah, kabla ya kesho. Niambie umenisikia."

"Nimekusikia, Baba."

Alisema kabla ya kesho. Kesho ilifika, ikapita, na nyingine ikafuata; wale wadogo sita aliwarudisha nyumba ya mabati, swila hakumwona. Watu husema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi ndimi niliyekuwa kata ile, nimetumbukizwa mtungini na kuachwa humo. Sitaki kusimulia usiku. Usiku kila mtu anaweza kuukisia. Nitasimulia mchana, kwa sababu hofu ya mchana ndiyo iliyonishangaza. Nilikuwa nikidhani kwamba hofu ni kitu cha giza, nikagundua kwamba inaweza kukaa nawe juani, mnakula pamoja. Nilijifunza kuvuka chumba kwa hatua nne, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kizingiti. Nilikung'uta kanga kabla ya kuivaa. Nilipiga ndoo ya chooni teke kabla ya kuingia. Sikuthubutu kutia mkono kwenye gunia la mchele, nikamdanganya Mama kwamba kidole kinaniuma. Nilisoma sura za Falaki na Nasi, za kujikinga na shari, mara nyingi mpaka maneno yakapoteza maana. Na nilimtazama Mama. Huo ndio uliokuwa mzigo wangu mkubwa, kumtazama Mama akiinama kwa taabu, tumbo limemtangulia, akitia mkono wake uliojaa hina chini ya meko kutoa kuni, na mimi nimeuma ulimi nikihesabu mpaka mkono utoke.

"Una nini wewe, unanikodolea mato?" aliniuliza siku moja.

"Sina kitu, Mama."

Kitu kingine kilichonitisha ni panya. Paa letu lilikuwa la makuti, na maisha yangu yote nilikuwa nimesikia panya wakikimbizana humo juu, wakipiga kelele kama watoto. Siku ya nne wakanyamaza. Mama alifurahi, akasema labda paka wa jirani ameanza kufanya kazi. Baba aliacha kutafuna. Tulitazamana, mimi na yeye, kisha sote wawili tukainua macho polepole kwenye makuti, na Mama akacheka akauliza tumeona nini. Siku ile Baba alipanda paani akisema anaziba palipovuja. Alifumua nusu ya paa na kuliezeka upya kwa mikono yake, mvua ikimnyeshea, na hakumkuta.

Ndipo akaja na shauri la jivu. Alilichekecha likawa laini kama unga, akalinyunyiza kwenye vizingiti vyote, pembezoni mwa kuta na mbele ya tundu la kutolea maji ya ua. Mama alipouliza, alisema ni la kuzuia siafu, kwa kuwa mvua huwatoa ardhini. Kila asubuhi, baada ya kurudi kutoka msikitini, alizunguka ameinama akilisoma lile jivu. Mimi nilizunguka nyuma yake. Tuliona miguu ya kuku, nyayo za Mama zilizopanuka kwa uzito, njia nyembamba za mende. Asubuhi ya siku ya saba, baada ya usiku usio na mvua, tuliona mstari.

Ulikuwa mstari mpana kama kidole gumba changu na cha Baba vikiwekwa pamoja, unakwenda ukipinda, laini, kama mtu ameburura kamba iliyolowa. Ulitokea nyuma ya birika la maji, ukafuata ukuta, ukaingia kwenye tundu la kutolea maji. Tundu hilo lilitoboa ukuta. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa ua wa jirani yetu Bi Khadija, mama wa mtoto Twaha.

Baba aliufuata kwa macho mpaka tunduni. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona waziwazi kuliko uso wake. Alinyoosha mguu wa kulia, akaufuta ule mstari. Aliufuta wote, tangu birikani mpaka tunduni, kwa unyayo, taratibu, kama mtu anayesawazisha mchanga wa kaburi. Alipomaliza akachukua jiwe akaziba tundu.

"Ametoka," alisema. "Alhamdulillahi. Ametoka."

"Amekwenda kwa kina Twaha," nilisema.

"Hajakwenda kwa mtu. Nyoka hapendi watu. Atapita zake mpaka shambani." Hakunitazama alipokuwa akisema hayo. "Na wewe umenisikia nilivyokwambia tangu mwanzo."

Lazima niwaeleze Bi Khadija ni nani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, aliyemkanda Mama mgongo kila mimba na kumzikia kila alichopoteza. Mumewe, Bwana Famau, alikuwa akizamia kamba pamoja na Baba ujanani. Mtoto wao wa mwisho, Twaha, alikuwa na miezi kumi, bado hajasimama, lakini alitambaa kwa kasi ya kaa, na kila alichokiona alikitia mkono, kisha kinywani. Ua wao ulikuwa na lundo kubwa la makumbi ya nazi ya kuwashia moto, limeegemea ukuta wetu, pale pale lilipotokea lile tundu.

Nilivumilia siku mbili. Sijui kwa nini mbili na si moja au tatu. Baba alikuwa akienda kwao mara kwa mara kwa visingizio. Mara ameazima shoka, mara amekuja kumwangalia mbuzi wao. Macho yake yalikuwa kwenye lundo lile, nami nilijua kwamba anamtafuta. Nadhani alikuwa akitafuta kweli kweli, na akimwona angemshika bila yeyote kujua, na mimi ningekua nikidhani kwamba baba yangu ni shujaa. Siku ya kwanza Bi Khadija alilalamika kwamba vifaranga wake watatu wamepotea, akawalaani kunguru. Siku ya pili Mama alinituma kwake kurudisha ungo.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kila kitu kinafuka mvuke. Bi Khadija alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua mchele. Twaha alikuwa ametoka mkekani. Alikuwa amefika kwenye lundo la makumbi, amepiga magoti, na mkono wake mfupi ulikuwa umezama ndani ya uwazi kati ya makumbi mawili mpaka kwenye kiwiko, anacheka peke yake.

Sikuamua. Watu wakinisifu baadaye walisema niliamua, lakini sauti ilitoka kabla yangu. Nilipiga ukelele, nikamrukia yule mtoto nikamvuta kwa mguu, tukaanguka sote matopeni. Alianza kulia. Mkononi alikuwa ameshika unyoya wa kifaranga.

"Mwanaesha! Una wazimu?" Bi Khadija alikuwa amesimama, mchele umetapakaa.

"Kuna swila," nilisema. "Kuna swila humo. Ametoka kwetu. Ni wa Baba. Ana siku tisa tangu atoroke."

Alinitazama. Nilitarajia atapiga yowe, na hakupiga. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamgeuza huku na huku, akamtazama viganja, nyayo, nyuma ya masikio. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nikiijua kuwa anayo, "Siku tisa? Na babako anajua?"

"Anajua."

"Na mamako?"

"Hajui."

"La ilaha illallah," alisema, akatoka kichochoroni na mtoto wake kiunoni, na huko ndiko alikopiga yowe.

Wanaume walikuja na fimbo, miundu na makasia. Walianza kuliondoa lundo lile kwa kulabu, kumbi moja moja, watoto wakiwa wamepanda juu ya kuta. Baba alifika mbio, koleo mkononi, usoni amevaa miwani yake ya kuzamia, ile ya mpira mweusi, kuyakinga macho. Hakuna aliyecheka. Alipita katikati ya watu bila kunitazama.

"Rudini nyuma," alisema. "Niachieni. Nitamshika mimi."

"Umshike umpeleke wapi?" Bwana Famau alimuuliza. "Umrudishe sandukuni?"

Baba aliinama. Alivuta kumbi moja, jingine, na kwenye la tatu swila akasimama. Alipanda wima mpaka kifuani pa Baba, shingo imetanuka kama kiganja, akatema, na tukaona mate yakitiririka kwenye kioo cha miwani. Baba alisogea pembeni, akamkamata mkia kwa mkono wa kushoto, akaleta koleo kwa wa kulia ili ambane shingo. Alikuwa karibu kufaulu. Hilo nalishuhudia kwa sababu nililiona. Koleo lilikuwa limeshamgusa. Ndipo Bwana Famau alipopiga kwa kasia. Alimlenga nyoka kichwani, akampata mgongoni, na nyoka akajipinda na kuuma kilichokuwa karibu. Aliuma mkono wa kulia wa Baba, kati ya kidole cha shahada na cha kati, akang'ang'ania.

Walimuua kwa mapigo mengi kuliko yaliyohitajika. Baba aliketi matopeni. Alivua miwani kwa mkono mzima, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtafuta kwa macho Mama, ambaye alikuwa amefika na kusimama mlangoni mwa Bi Khadija akishikilia tumbo kwa mikono miwili. Walitazamana. Mama hakuanguka. Hakulia. Alisema, "Tafuteni boti," na sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

Bwana Famau mwenyewe ndiye aliyeendesha boti ya mashini mpaka Lamu, bahari ikiwa chafu, akimwita Baba jina kila baada ya dakika chache ili asilale. Baba alipelekwa baadaye Mombasa. Alipona, lakini mkono ulikuwa umeoza kuanzia alipoumwa, akakatwa vidole viwili. Mama alijifungua baada ya majuma saba, salama, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Mshtuko tuliomfichia siku tisa ulimpata wote kwa mara moja, na hakupoteza kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na kwetu kifo kilikuwa kimefika mpaka mlangoni kwa jirani.

Hakuna aliyemfukuza Baba. Watu wa kwetu hawafukuzi. Alisalimiwa, alipewa mkono, lakini alipoketi barazani wenzake walikumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine. Bi Khadija hakukanyaga tena kwetu, ila siku Mama alipojifungua alimletea uji wa pilipili manga, akauweka kizingitini, akabisha hodi, akaondoka. Mimi nilisifiwa. Nilipewa visheti na kanga mpya, na kila nilipoitwa "mtoto mwema" nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu Baba alikuwa ndani anasikia. Yeye hakunigombeza hata siku moja. Aliacha tu kunipakata. Wazee wa mtaa walimwambia Daktari Marta kwa adabu kwamba nyoka hawatakiwi tena kisiwani, naye akafunga kazi. Kabla mwaka haujaisha alimpatia Baba kazi kwao Uholanzi, kwenye nyumba ya nyoka ya chuo kikuu kimoja, mahali ambapo nyoka hukamuliwa sumu ili itengenezwe dawa ya walioumwa. Baba alituomba sote twende. Mama alikataa. "Siwezi kuishi nti isiyo na adhana," alisema, ingawa mimi nadhani sababu ilikuwa nyingine. Baba aliondoka, akakaa, akapata uraia, na baada ya miaka sita talaka ya Mama ikaja kwa simu, kwa heshima, pamoja na maombi ya radhi.

Nilikwenda kumwona mara moja tu, nikiwa tayari ni mwalimu na mama wa mtoto. Baba yangu alikuwa mzee mdogo aliyevaa sweta, anayezungumza Kiholanzi na majirani zake na kuwatambua kwa majina mbwa wao. Alinipeleka kuona alipokuwa akifanya kazi. Alitulaki mwanamke mwenye mvi nisiyemjua, aliyefanya naye kazi miaka mingi, akanishika mikono yote miwili, macho yakamlenga machozi. Alizungumza kwa Kiingereza. Alisema amesubiri sana kuniona, kwamba yeye na wenzake wote wanaijua habari yangu, ya mtoto shujaa ambaye baba yake, alipogundua tu kwamba nyoka ametoroka, alimtuma akimbie kuwaonya majirani, wakati yeye akibaki kupambana naye.

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafungua na kufunga kifungo cha sweta kwa vidole vyake vitatu.

"Ndiyo," nilimwambia yule mwanamke. "Ni mimi."

Tuliporudi tulitembea kando ya mfereji wa maji. Karibu na kwake Baba alisema, "Hukuniumbua."

"Mara moja ilitosha, Baba."

Alisimama. Nikamuuliza nililobeba tangu utotoni, kwa nini aliufuta ule mstari kwenye jivu. Aliniangalia kwa mshangao ambao naapa haukuwa wa kuigiza. "Jivu gani?" aliuliza. Nilimkumbusha siafu, tundu la maji, unyayo wake. Alitikisa kichwa. Alikuwa anakumbuka mvua, anakumbuka komeo, anakumbuka mapigo ya kasia. Jivu halikuwemo. Miaka yote mimi ndimi niliyelihifadhi peke yangu.

Sasa naishi Wiyoni, mjini Lamu, katika nyumba ya sakafu ya saruji na paa la mabati, mahali ambapo mtu akimwona nyoka huita vijana kwa simu, na vijana humpiga picha kabla ya kumpiga fimbo. Hospitali iko karibu. Binti yangu Salma ana miaka tisa, huketi sakafuni popote, hutia mkono popote, na mara ya kwanza nilipomwona akivaa kiatu bila kukikung'uta nilijihisi nimeshinda kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuumwa, na bado nashtuka, lakini nilikuwa nimeazimia kwamba hofu ile itaishia kwangu. Nilimwekea sheria moja, kwamba katika nyumba hii aliyeona jambo aseme, hata likiwa langu mimi.

Mwezi uliopita Baba alipiga simu, kama anavyopiga kila Ijumaa. Amestaafu, anaishi peke yake, miguu inamuuma kwa baridi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hunitajia methali hiyo siku hizi, akicheka, na kunidokezea kwamba angependa kuiona Kizingitini tena, akae barazani, awasimulie vijana yaliyompata. Nilimjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba karibu, tunamngoja, chumba chake kipo. Nilipokata simu Salma alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la hesabu.

"Mama," alisema, "mbona kila Ijumaa unamwambia Babu chumba chake kipo? Sisi hatuna chumba cha Babu. Kile umempangisha mwalimu mwenzako."

Niliweka simu chini, nikawaza Kizingitini. Bi Khadija yu hai, amekuwa mzee, macho yake hayaoni vizuri lakini masikio yake ni mazima. Twaha ni nahodha wa boti ya abiria, ana watoto. Kizingitini hakuna aliyesahau. Mawazoni nilimwona Baba ameketi kati yao akisimulia jinsi alivyonituma, kwa sauti ile tamu ya mtu anayeamini anachokisema, na nikaziona nyuso zote zikinigeukia mimi, zikisubiri.

"Kwa sababu naogopa, Salma," nilimwambia. "Naogopa atarudi."

Aliweka daftari lake chini, akaja akaketi karibu yangu, akapandisha miguu kitini.